Jina Kubwa kwa Mtoto wa Makoye

Jumatatu, 9 Novemba 1953

Nimefika Didia salama kutoka Geita, kwenye mgodi, ambako mimi ni karani wa taa. (Nazigawa asubuhi, nazipokea jioni. Bila mimi chini kote ni giza.) Likizo ya wiki mbili. Mke wangu Nyamizi tumbo limemtangulia. Shangazi Sikujua, dada wa marehemu baba na mkunga wa kijiji hiki, amelipapasa akasema ni siku yoyote kuanzia sasa. Nimerudi wakati mwafaka. Ningechelewa kidogo tu mambo yangeharibika.

Nieleze vizuri, maana wajukuu watakuja kusoma. Kwetu Usukumani mtoto huitwa kwa kile kilichokuwepo siku aliyozaliwa. Mvua ikinyesha, Mabula. Wageni wakiingia, Mageni. Desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila siku za kuzaliwa watoto wangu zimekosa bahati. Binti yangu wa kwanza anaitwa Nzala, yaani njaa, kwa sababu mwaka ule niliuza mtama wetu wote nikanunua gramafoni. (Haikuwa na sindano. Si kosa langu.) Wa pili ni Masanja, yaani mkusanyiko, kwa sababu siku ile kijiji kizima kilikusanyika kunitoa ndani ya kihenge cha nafaka. Nilijificha humo askari wa kodi alipopita. Kuingia kulikuwa rahisi. Na mimi mwenyewe ni Makoye, yaani shida. Siku yangu ilikuwaje, sijawahi kuuliza.

Watu wengine huficha aibu zao. Zangu zinaitwa kwa sauti kila jioni zije kula ugali.

Padri alimbatiza Nzala akawa Scolastika. Jina refu, zuri. Hakuna anayelitumia, hata padri mwenyewe.

Sasa nimekuta Nzala hataki shule. Mwalimu mpya, mtu wa pwani, alilisoma jina lake darasani, Nzala Makoye, akauliza maana yake. Mtoto mmoja akamtafsiria: Njaa Shida. Darasa zima likacheka, na mwalimu naye. Nzala alinisimulia haya huku anakwangua ukuta kwa kidole, hanitazami. Niliumia. Niliumia kweli. Akaniomba kitu kimoja tu, kwamba mdogo wake anayekuja apate jina zuri, ili walau mmoja wao aweze kuitika bila kuinamisha kichwa.

Nimemwahidi. Na mpango ninao tayari! Kama jina linatoka kwenye siku, basi siku nitaitengeneza mimi. Ajabu hakuna Msukuma aliyelifikiria hili kabla yangu.

Jumanne, 10 Novemba

Nimeanza na njia fupi. Nimempelekea shangazi kopo la ugoro wa Geita, ule mkali. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba mtoto aitwe jina la heshima, nitamtajia mwenyewe. Alipokea kopo. Alinusa. Alipiga chafya, akafurahi. Kisha akasema majina hayauzwi. Yeye akishampokea mtoto na kumkabidhi kwa mama yake, anavuka kizingiti, na jambo la kwanza analoliona nje ndilo jina. Ndivyo alivyofanya kwa mama yangu aliponizaa na ndivyo atakavyofanya kwangu. Kopo hakurudisha.

Wengine wangesema nimeshindwa. Sivyo. Nimepata siri kubwa kabisa: kizingiti! Sihitaji kutengeneza siku nzima. Natakiwa kutengeneza pale mlangoni tu.

Jirani yetu Masele naye mkewe Bernadina ni mjamzito, na mkunga ni huyuhuyu shangazi. Ua wa miti tu ndio unaotutenganisha. Nilimuuliza Masele amejiandaaje. Akasema amepasua kuni. Basi! Hana mpango wowote. Anakaa tu anachonga mpini wa jembe, na mambo mazuri yanamfuata alipo. Mwanawe wa kwanza alizaliwa mvua ya kwanza ilipoanguka baada ya ukame, akaitwa Mabula, na mpaka leo watu wakimwona yule mtoto wanatabasamu. Masele hakuifanyia kazi mvua ile hata kidogo. Ninamwonea huruma. Mtu asiye na mpango ni kama hayupo.

Jumatano, 11 Novemba

Nimeamua jina. Motokaa! Jina la maendeleo. Motokaa Makoye. Hata mwalimu wa pwani atasimama.

Rafiki yangu Marcel anaendesha lori la chumvi la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Tumekubaliana kwa kuku mmoja: akipata habari zangu, alete lori mpaka mlangoni, apige honi, asimame hapo hapo. Leo asubuhi Nyamizi akashika kiuno, akasema tumbo linasokota. Nikapanda baiskeli mbio. Marcel naye ni mtu wa neno lake. Alikuja na vumbi lote la barabara.

Ila alikatisha kwenye kijito kikavu kilicho chini ya nyumba yetu, na mchanga ukameza magurudumu. Tukashusha chumvi. Tukasukuma. Tukaita majirani. Masele akaja polepole, akatazama, akasema tuweke matawi chini ya magurudumu. Hatukumsikiliza mpaka ilipofika adhuhuri. Nyamizi akatoka na tumbo lake kuangalia, akaniona nimelala kifudifudi na mchanga masikioni, akacheka mpaka akaketi chini. Akasimama, tumbo limepona. Kumbe yalikuwa matobolwa aliyokula jana, viazi vyetu vile vya kukausha.

Lori likatoka. Marcel akamla kuku.

Nimekaa nikatafakari, nikagundua kwamba leo nimeshinda vita kubwa. Shangazi alikuwa ameshasimama kizingitini, macho yake kwenye lile lori lililokwama. Kama mtoto angekuja saa ile, angeitwa jina gani? Sitaki hata kuliandika. Nimemwokoa kwa kutozaliwa. Nzala amenisaidia kunikung'uta mchanga.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimelipata! Usiku sikupata usingizi kwa furaha. Lori ni chuma tu. Chuma kinakwama. Kinachotakiwa ni kitu chenye uhai.

Mashimba. Yaani simba! Siku hizi simba huku kwetu ni hadithi za wazee, na mtoto anayezaliwa siku ambayo simba ameonekana mlangoni, huyo ni mtu mzima tangu tumboni. Mashimba Makoye. Nimelitamka mara nyingi nyuma ya nyumba. Nikiweka sauti nzito hata hilo Makoye linasikika kama jina la jeshi.

Bartholomeo, mcheza ngoma wa ng'ambo ya mbuga, ana ngozi ya simba anayoivaa kwenye mashindano ya mavuno. Kichwa kipo, mkia upo, jicho moja limetoka. Nimeiazima kwa mbuzi, ambaye bado hajui, maana ni wa Nyamizi.

Bartholomeo alinionya kwamba ngozi ile bado ina harufu ya mnyama, nisiipitishe karibu na ng'ombe. Nikamwambia mimi nashughulika na binadamu.

Jumapili, 15 Novemba

Majaribio baada ya misa. Niliitandaza ngozi juu ya ua mkabala na mlango, nikajificha kuona watu watafanyaje. Mbwa alipita akaikojolea. Masanja akauliza ni nani ameanika blanketi. Bibi mmoja anayetoka kisimani aliipapasa akasema imeisha, nimshauri mwenye nayo anunue nyingine.

Funzo: simba wa kuanikwa si simba. Simba ni mwendo. Lazima mtu awe ndani. Na mtu huyo lazima awe mwerevu, jasiri, na mwenye kujua mambo ya kizingiti. Nilitafuta kichwani kijiji kizima. Nikajiona mimi tu.

Nyamizi ameiona ngozi chini ya kitanda. Aliniuliza kwa upole, upole ule wake unaotisha, kama ni kweli ninataka kutambaa mlangoni kwake wakati yeye anazaa. Nikamweleza kuhusu Nzala na mwalimu. Akasema, "Baba Nzala, mtoto akishafika salama mimi hata akiitwa Chumvi nitamwitikia."

Wanawake hawaangalii mbali. Nampenda sana lakini.

Jumanne, 17 Novemba

Ushindi! Sijui nianzie wapi. Na mgongo unauma.

Alfajiri Nyamizi alishikwa kweli. Shangazi aliingia na wanawake wawili, mimi nikafukuzwa, nikaenda moja kwa moja nyuma ya ua kuvaa ngozi. Kulikuwa kunapambazuka, mwanga mzuri wa simba. Nikasubiri nimeinama. Nikasikia mtoto analia! Sauti ya kiume kabisa. Nikaanza kutambaa kuelekea mlangoni, nikitikisa kichwa na kunguruma.

Upepo ukageuka.

Sikuwa nimefikiria zizi la Masele. Ng'ombe wake walivuta pumzi moja tu, wakavunja boma wote kwa pamoja, wakapita juu ya ua wetu kana kwamba haupo. Mbwa wakaamka. Mtu akapiga yowe la simba, na yowe likajibiwa nyumba kwa nyumba. Mara naona wanaume wanakuja na mikuki, Masele mbele, na nilipopaza sauti kwamba ni mimi, kichwa cha simba kikanishukia mdomoni, ukatoka mngurumo bora kuliko yote niliyofanyia mazoezi.

Nilikimbia. Pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu. Nikafunua kifuniko cha kihenge nikaingia kichwa mbele. Kuingia ni rahisi, kama nilivyoandika. Nikabaki nimesimama kwa kichwa ndani ya mtama, miguu na mkia nje, na mikuki imenizunguka. Masele ndiye aliyewazuia wasinichome. Aliwaambia simba huyu amevaa viatu vya mgodi.

Wakati huohuo shangazi akavuka kizingiti. Haya nimesimuliwa, maana mimi nilikuwa naona mtama tu. Alisimama akautazama mkia unaoning'inia kwenye kihenge. Wanaume wote wakanyamaza kusubiri jina. Nami nilisikia ule ukimya mle ndani. Nikajua nimekwisha. Nikamwona mwanangu darasani, mwalimu anauliza maana, na Nzala amekaa kando yake ameinamisha kichwa kwa ajili ya wawili. Naandika kwa ukweli: nililia. Mtama ulinishika usoni.

Shangazi akafungua mdomo. Na ndani ya nyumba mtoto akalia tena. Ila yule wa kwanza alikuwa kimya ananyonya.

Mapacha!

Msukuma yeyote anajua. Mapacha hawasubiri kizingiti. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, hata mbingu ianguke, hata baba awe ndani ya kihenge. Kulwa wa kiume, Doto wa kike. Shangazi akafunga mdomo, akatema ugoro, akarudi ndani. Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu imepita, na hakuna mtoto wangu hata mmoja wa kuibeba!

Wanaume walikuwa wananivuta miguu nilipomsikia Bernadina upande wa pili. Ng'ombe na mayowe vilimshtua, uchungu ukamjia palepale. Shangazi akavuka ua uliolala chini, na kazi ya kunitoa ikaendelea mpaka jua likapanda. Nilikuwa ndio natoka kwenye kihenge, ngozi bado mwilini na mtama kwenye masharubu, nikasimama wima mwangani, na shangazi akatokea kwenye mlango wa Masele. Tukatazamana.

Akasema, "Mashimba."

Jumatano, 18 Novemba

Nimefikiria. Mashimba Masele. Jina ni langu, kazi ni yangu, mgongo ni wangu, na mtoto ni wa Masele, aliyekuwa amepasua kuni. Mwanzoni niliona uchungu kidogo. Baadaye nikaona kwamba kila mtu atakayeuliza kwa nini yule mtoto anaitwa Mashimba ataambiwa habari zangu, karne na karne. Masele atalilea jina langu bila gharama kwangu. Mwenyewe amekuja na maziwa, akanishukuru kwa moyo kabisa. Nikampa mkono. Simba huyo ni wa sote.

Leo ndiyo ngoma ya mapacha. Desturi ni kwamba wazazi hutukanwa kwa nyimbo, na kadiri matusi yalivyo makali ndivyo heshima ilivyo kubwa. Nimetukanwa tangu asubuhi. Bartholomeo alikuja na ngoma yake akatunga beti za kihenge na mkia ambazo siwezi kuziandika humu. Watu wametoka hata mjini Shinyanga kuja kunitukana. Nani mwingine Didia amewahi kuheshimiwa hivi?

Tena zaidi. Kuanzia leo watu hawaniiti Baba Nzala. Ni Baba Kulwa! Mapacha wanatangulia. Njaa imeondoka mlangoni kwangu. Nilitembea kijijini naitwa huku na huku, Baba Kulwa, Baba Kulwa, naitika kwa sauti.

Niliporudi nilimkuta Nzala kando ya mafiga anachochea moto. Nikamwambia ahadi yangu nimeitimiza mara mbili. Akasema asante. Kisha akaniuliza, bila kugeuka:

"Baba, ulikuwa unaona aibu kuitwa Baba Nzala?"

Nilisimama pale na mkono wangu hewani. Nilikuwa nimemwondolea jina lake kijiji kizima kwa siku moja, nami nilikuwa nafurahia.

Aliyemjibu ni shangazi, ambaye alikuwa anachemsha maji ya mama mzazi na wala hakuulizwa. Alimwita Nzala karibu. Akasema kila mtu hapa anadhani jina hilo lilimtaja baba yake na gramafoni yake, na baba yake ndiye anayedhani hivyo kuliko wote.

"Nilipovuka kizingiti siku ile sikuona gramafoni," akamwambia. "Niliona vihenge vitupu mpaka ng'ambo ya mbuga, maana mvua ilikuwa imekataa kwa kila mtu, na vichanga vitatu nilivyovipokea mwezi ule tulikuwa tumevizika. Wewe ulikuwa ndani unanyonya kama ndama. Nilimtaja yule uliyempiga."

Nzala alisimama wima na kijiti cha moto mkononi. Alitaka kujua kama kweli alimpiga. Shangazi akasema alimpiga vibaya sana, na sasa alete maji.

Mimi nikatoka nje. Moshi wa kuni za Masele huwa unaingia machoni.

Jumamosi, 21 Novemba

Siku ya mwisho ya likizo. Ushindi kila upande, nitautaja kwa ufupi.

Nzala amerudi shule tangu juzi. Mwalimu alipofika kwenye jina lake, binti yangu alisimama mwenyewe kabla hajaulizwa, akaeleza alivyompiga njaa akiwa kichanga. Darasa lilitulia. Mwalimu alimwomba arudie. Sasa watoto wengine wanapita kwa shangazi kuuliza majina yao yalimpiga nani, na shangazi anawafukuza kwa ufagio. Nimemwambia Nzala kwamba nilijua maana hiyo siku zote, nilikuwa nasubiri akue. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanikumbatia. Nimemwagiza kila mtu mwenye adabu aniite Baba Nzala na Kulwa na Doto. Ni refu lakini linabebeka.

Nami nikapata ujasiri. Nikaenda kwa shangazi kuuliza maana ya kweli ya Makoye, nikiwa tayari kusikia nilimpiga nani. Akafikiri. Akasema hapana, mimi nilikuwa shida tu, nilitoka nikitanguliza miguu na nikauma kidole chake. Hiyo pia ni sifa. Wangapi wanauma siku ya kwanza?

Nilimuuliza pia kuhusu mtoto atakayefuata. Akasema afuataye mapacha ni Shija, halina mjadala, niache mlango wake. Nimelipokea. Kwangu kazi imesimama kwa muda. Lakini kipaji changu je? Kiozee Geita kati ya taa?

Hapana! Leo mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, amenikuta barabarani. Mkewe mdogo atajifungua Januari. Akaniuliza kama kwake naweza kuleta kitu kikubwa zaidi ya simba. Alikuwa anacheka sana wakati anasema, nadhani kwa furaha. Nimemwahidi tembo.

Bartholomeo anasema ngozi ya tembo hana, na ananidai mbuzi. Nyamizi anasema mbuzi haendi popote. Hayo ni madogo. Nimekizunguka kihenge chetu jioni hii mara kadhaa. Kikilazwa ubavu, kikafungwa miguu minne ya magogo na mkonga wa kamba mbele, umbo ni lilelile. Atahitajika mtu mmoja ndani wa kukitembeza, na hakuna anayekijua kwa ndani kuliko mimi.